Malkia Akianza Kulia

Jumamosi, 3 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua pepe hii inakukuta mzima, goti limetulia, na lile paa la jikoni limeacha kuvuja. Mimi sijambo. Nimepungua kidogo, na kabla hujauliza: nakula. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe na mimi tunasema wote kwa pamoja, na mwishowe hakuna aliyemsikia mwenzake.

Kazini bado nipo kitengo cha vitu vilivyorudishwa. Watu wananunua vitu kwenye mtandao, wanavichoka, wanavirudisha, na mimi nafungua boksi kuona kama kweli havijatumika. Juzi nimefungua viatu ambavyo mwenyewe ameandika "havijavaliwa", na ndani mna mchanga wa kutosha kupandia mchicha. Nimevikataa, lakini kwa heshima.

Sasa nina shida, na katika watu wote ninaowafahamu ni wewe tu unayeweza kunitoa. Unaukumbuka ule mchezo wa kompyuta uliokuwa ukisema utanitoa macho? Bado naucheza, macho yapo. Ndani yake kuna mapango. Watu wanne, kila mmoja kakaa kwake, wanaingia pangoni pamoja kupitia mtandao. Mmoja anatangulia mbele kupigwa badala ya wenzake, huyo ni mkingaji. Mmoja anawatibu, huyo ni mponyaji. Wawili kazi yao ni kupiga. Mnapita chumba kwa chumba, na chumba cha mwisho yupo bosi, ambaye si wa kutania naye.

Nilipoanza kucheza hakuna aliyenieleza kitu. Video za maelezo zilikuwepo tele, lakini wanaoongea humo wanakimbia utadhani wanadaiwa, na kwa lugha ninayoisikia nusu. Nilikuwa naingia pangoni, nakosea, natolewa kwenye kundi bila hata kwaheri. Nikaapa kwamba nikiujua mchezo huu nitatengeneza video zangu, kwa Kiswahili, kwa ajili ya mtu ambaye hajui hata kitufe cha kutembea. Ndicho ninachofanya siku hizi. Wanaonitazama si wengi, ila ni wangu na nawapenda.

Wiki iliyopita nimetoa video ya pango la Malkia wa Kisima. Malkia huyu, kabla ya kumwaga maji yanayounguza, analia kwanza. Anatoa kilio kirefu, halafu maji yanafurika upande wa kulia wa chumba. Kwa hiyo mimi, na akili zangu zote, nikasema kwenye video: "Malkia akianza kulia kimbia haraka."

Shangazi, wamekimbia kulia. Wote. Maoni chini ya video yamejaa maiti. "Nimekimbia kulia kama ulivyosema, nimekufa." "Kaka, huko kulia ndiko kuna maji, umetumwa?" Mmoja ameandika kwamba yeye na wenzake wamekimbia kulia jioni nzima wakidhani shida ni kasi yao.

Nimecheka, lakini pia imeniuma. Watu hawa waliniamini. Wewe umekaa miaka yote hiyo kwenye kiti cha pembeni cha gari la mafunzo, karibu na watu wanaotetemeka, ukiwaambia la kufanya, na wamelifanya. Nieleze ulikuwa unasemaje. Nakutumia video yenyewe uione, usinicheke sana.

Wasalimie wote hapo chuoni.

Mwanao.


Alhamisi, 8 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo mahali pake. Paa bado linavuja, ila sasa linavujia kwenye ndoo, kwa hiyo tumeelewana. Nimefurahi kusikia unakula, ingawa siamini.

Video nimeitazama kwenye kompyuta ya ofisini, mimi na mhazili wetu. Tulipofika kwa Malkia, mhazili alicheka mpaka akatoka nje kunawa uso. Mimi sikucheka. Haya, nilicheka, lakini nikiwa nimekaa wima.

Kwanza nikupe hongera. Sauti yako ni nzuri, na hujidai. Sasa nisikilize.

Kwenye gari langu neno "kulia" halipandi, na "kushoto" vilevile. Mtu akiogopa hana kulia wala kushoto. Anajua kuna upande aliopo yeye na kuna upande nilipo mimi, basi. Ndiyo maana mimi husema "kata upande wako" au "kata upande wangu". Sijawahi kumwona mtu aliyesahau mimi nimekaa wapi, maana wananiangalia utadhani mimi ndiye askari. Wewe huko pangoni tafuta kitu kisichohama: mlango, nguzo, hicho kisima. Mwambie mtu "njoo upande wa mlango". Na huyo Malkia wako asilie. Apige yowe. Hakuna upande unaoitwa yowe.

Pili, unapenda mno "usi". Usisimame hapo, usiguse, usirudi nyuma. Mwanangu, ile "usi" ni kipande kidogo cha neno na kinakuja mwanzo kabisa, wakati mtu bado ameshtuka. Hofu inaimeza. Ukimwambia "usikanyage!" anachosikia ni "kanyage", na anakanyaga hasa. Mimi nilikoma siku tulipoingia kwenye kibanda cha muuza magazeti. Taratibu lakini, hakuna aliyeumia, na magazeti yenyewe yalikuwa ya jana. Tangu siku hiyo namwambia mtu la kufanya, silisemi asilotakiwa kufanya.

Tatu, neno lako linachelewa. Unasema "ruka" mtu akiwa tayari shimoni. Neno la kona linasemwa kabla ya kona, mtu akiwa bado na nafasi ya kulielewa, kuliogopa kidogo, na kulitekeleza. Na liwe moja. Ukimpa mawili atachagua, na atachagua baya.

Nakushukuru kwa kuniuliza. Siku hizi watu hawaniulizi sana vitu vya namna hii. Asubuhi yote nimekuwa mtu wa maana hapa ofisini, nikieleza mambo ya malkia na mapango, na mhazili ananiandikia maneno magumu kwenye karatasi.

Kula.

Shangazi yako.


Jumanne, 20 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Habari za hapo, na habari za ndoo? Mimi namshukuru Mungu, kazi inaenda. Leo nimefungua birika la umeme ambalo mtu amelirudisha kwa sababu "linachemsha maji mno".

Nimeirudia ile video yote tangu mwanzo, na nimeandika maneno yangu huku nasikia sauti yako masikioni. Sasa nasema: "Malkia akipiga yowe, njoo upande wa mlango." Nalisema akiwa bado ameketi, hajainua hata kichwa. "Usi" nimezifuta moja moja, na nilishtuka zilivyokuwa nyingi. Nilikuwa nafundisha watu kwa kuwakataza.

Shangazi, wanapita! Wanaandika kunishukuru mpaka naona aibu, maana shukrani si zangu. Mmoja ameeleza kwamba yeye na mke wake walikuwa wameshaacha kucheza kwa sababu kila wakiingia pangoni wanagombana, lakini safari hii wametoka humo wakicheka. Mwingine ameandika maneno machache tu, "Nimefika mwisho, asante." Hayo nimeyasoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuambia.

Asante sana. Sina neno kubwa kuliko hilo, ningekuwa nalo ningelituma. Kila nilichojua kuhusu kumvumilia mtu asiyejua nilikipata nyumbani kwako. Sikujua tu kwamba kina matumizi huku.

Ila nimeisoma barua yako tena, na kuna kitu sijakielewa. Umenisimulia kibanda cha magazeti, na mwaka ule mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Mwanafunzi wa sasa hukumtaja hata mmoja. Zamani barua zako zilikuwa zimejaa wanafunzi, mmoja kapanda ukingo, mwingine kasahau kufungua breki ya mkono. Wako wapi?

Mwanao.


Ijumaa, 1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku tu wazima. Wewe umekua, unasoma hata ambacho sikuandika.

Nitakueleza, ila usiniletee huruma. Unaikumbuka ile ajali ya mwaka jana, lori lilipotugonga kwa nyuma tukiwa tumesimama kwenye taa. Nilikuambia hakuna aliyeumia, na ni kweli. Mwanafunzi wangu alitoka mzima na amepata leseni yake. Mimi nilitoka mzima pia, isipokuwa mguu.

Hauumi. Ungeuma ningeupeleka kwa daktari. Shida yake ni kwamba haunisikilizi. Unajua gari la mafunzo lina breki ya pili upande wa mwalimu, ya dharura. Tangu siku ile mguu wangu unaona dharura kila mahali. Mwanafunzi akigusa mafuta, mimi nimeshakanyaga. Akiona paka mbali huko, nimeshakanyaga. Walikuwa wakifika mwisho wa somo hawajaendesha hata kidogo, nimeendesha mimi kwa mguu mmoja. Kijana mmoja mpole sana akaniuliza, "Mwalimu, samahani, kati yetu nani anaendesha?" Nikaenda mwenyewe kwa mwenye chuo nikaomba nipelekwe darasani.

Kwa hiyo sasa nafundisha alama za barabarani ubaoni. Ni kazi ya heshima. Kuna pembetatu, kuna duara, na hakuna linalosogea.

Mwalimu mwenzangu wa gari anaondoka mwisho wa mwezi huu. Mwenye chuo ameniita, amenikalisha, ameniambia kile kiti ni changu nikikitaka, ila mwezi ukiisha bila jibu langu ataajiri mtu mwingine. Amesema vizuri na sina la kumlaumu.

Nakitaka, mwanangu. Nakitaka mpaka nikipita kwenye lile gari pale uani naangalia pembeni. Lakini mwalimu anayekanyaga breki kabla ya mwanafunzi ni abiria mwoga tu, na wanafunzi wanastahili mtu bora kuliko huyo.

Basi, nimesema. Usimwambie mtu.

Shangazi yako.


Jumamosi, 2 Machi

Shangazi!

Shikamoo. Nimekujibu papo hapo, hata chai sijanywa. Rudi kwenye gari! Huku pangoni sisi tunakufa kila siku na hakuna anayejali. Ukianguka, unaamka mlangoni, unaanza tena. Ndivyo watu wanavyojifunza. Wewe panda tu ujaribu, ukikosea utarudia, mara ya kwanza, ya pili, mwishowe mguu utazoea. Hofu ipo kichwani tu. Mtu kama wewe hawezi kushindwa na kibati cha breki!

Nakuamini kuliko unavyojiamini.

Mwanao.


Jumatatu, 4 Machi

Mwanangu,

Marahaba.

Huko kwenu mtu akifa anaamka mlangoni na upanga wake mkononi. Huku gari likigonga limegonga, na aliyeshika usukani ni mtoto wa mtu. Mimi ndiye ninayepaswa kumrudisha kwao.

Najua unanipenda. Basi nipishe kidogo. Sitaandika kwa muda.

Kula.

Shangazi yako.


Jumapili, 17 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijui unaendeleaje, naomba uwe mzima. Mimi nipo salama.

Nisamehe. Nilikuandikia kama wale waongeaji wa kwenye video ninaowasema, haraka haraka, kelele nyingi, na kila neno limechelewa. Uliniambia jambo zito nami nikakupigia makofi. Sitakuambia tena ufanye nini kuhusu kiti. Nitakusimulia tu mambo yangu, kama zamani, na ukitaka usisome.

Siku hizi kila Jumapili mchana nafungua pango kwa ajili ya wageni wa mchezo. Yeyote anayeogopa kuingia na watu asiowajua anaingia na mimi, na anayekubali namrekodi kwa ajili ya video. Mimi ndiye mkingaji. Sasa, mkingaji ana kamba ya kichawi. Nikibofya kitufe kimoja tu, yeyote kati ya wenzangu, hata awe amesimama mdomoni mwa shimo, anavutwa mpaka nilipo mimi, salama. Mwanzoni nilikuwa naitumia mno. Kila mgeni aliyeyumba, nikamvuta. Walikuwa wakifika mwisho kwa furaha, halafu wiki ifuatayo wananiandikia kwamba wamejaribu wenyewe na hawakupita hata chumba cha kwanza. Nimewavuta pango zima kama mizigo, hawakujifunza njia.

Wiki hii kaja mtu anajiita Mgeni Rasmi. Jina lenyewe limenichekesha. Haongei, anaandika tu, na anaandika "ndiyo, mwalimu" hata nikimsalimia. Sijawahi kuona mtu anayecheza hivi. Akifika kwenye kila njia panda anasimama, anageuka huku, anageuka kule, ndipo anavuka. Anatembea pembeni mwa njia, upande uleule siku zote, kana kwamba kuna magari yanakuja. Popo wamemla akiwa amesimama anaangalia kama njia ni nyeupe.

Kwenye daraja la kwanza alikuwa anaenda moja kwa moja shimoni, na kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kamba. Nikakiondoa. Nikaweka mikono yote miwili mezani. Akaanguka. Nikamwambia, "Nimeona. Rudi, tunakungoja hapahapa." Akaandika: "Samahani, mwalimu. Nilikuwa natafuta kitu kwa mguu." Sijui alimaanisha nini. Nilimwambia karibu tena.

Alianguka daraja lile mara nyingi, Shangazi. Kwangu ilikuwa kazi ngumu kuliko kwake. Wenzetu wawili walikuwa watu wema, walikaa wakasubiri, mmoja akawa anacheza ngoma ya ushindi kila Mgeni Rasmi anaporudi. Mwishowe alivuka. Hatukufika kwa Malkia. Aliandika kwamba anatakiwa kuachia kompyuta ya watu, akaondoka.

Ni hayo tu. Nakukumbuka.

Mwanao.


Jumapili, 24 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Bado hujaandika, na sikulaumu, uliniambia. Ninaandika kwa sababu leo nimefurahi na sina mwingine wa kumwambia akaelewa.

Mgeni Rasmi amerudi. Daraja kalivuka bila kusimama. Tumefika kwa Malkia. Nilimpa neno lake mapema, moja tu: "Akipiga yowe, njoo upande wa mlango." Malkia akainuka, akapiga yowe, na Mgeni Rasmi hakusogea. Amesimama tu katikati ya chumba. Nikakalia mikono yangu, kweli, niliikalia. Nikamwambia, "Nipo mlangoni." Maji yakaanza kutoka. Ndipo akageuka akaja, hakukimbia, alikuja kwa mwendo wake, na maji yakapita nyuma yake.

Tumemshinda Malkia. Wenzetu wamepiga kelele, mimi nimepiga kelele, jirani amegonga ukuta. Mgeni Rasmi akaandika, "Asante, mwanangu," akatoka.

Nikawaza, huyu lazima ni mama wa watu. Sijui ni nani, lakini natamani angejua alichonipa. Kwa mara ya kwanza nimemfundisha mtu bila kumshika.

Mwanao.


Ijumaa, 29 Machi

Mwanangu,

Marahaba, marahaba zote ulizonidai. Mimi ni mzima.

Mgeni Rasmi ni mimi.

Haya, maliza kucheka nisubiri. Mhazili ndiye aliyeona kwenye video zako habari za pango la Jumapili, akaniwekea mchezo kwenye kompyuta ya ofisini na kunifungulia ofisi siku hizo. Jina ni langu mwenyewe, nilisema kama nitakuwa mgeni basi niwe na kiti cha mbele. Hapo mwanzo nilikuwa nimekasirika. Nilitaka nilione hilo pango lako linaloponya watu, nikuandikie barua ya kukunyoosha. Nilikuwa nimeianza kichwani.

Halafu nikaingia. Mwanangu, sikumbuki lini mara ya mwisho nilikuwa sijui kitu kiasi kile. Vidole vyangu vilikuwa kama vya mtu mwingine. Lile daraja lilipokuja, mguu wangu ulikanyaga chini ya meza ya ofisi kwa nguvu zote, na kule kwenye kioo yule mtu akaendelea kutembea, akaenda zake shimoni. Nikakanyaga tena safari ya pili. Sakafu haina breki. Mhazili alidhani nimeona panya.

Nilijua una ile kamba. Mhazili alikuwa amenieleza. Nilipokuwa naanguka nilikuwa nasema moyoni, huyu mtoto ananiona, mbona hanivuti? Nikaona uchungu hasa. Ndipo ukasema umeniona, mnaningoja. Hukuwa na haraka, wala hukuniona mjinga. Nikarudi. Kila niliporudi nilikukuta uko palepale, na daraja likawa linakuwa langu kidogo kidogo. Ungenivuta, lingebaki kuwa lako.

Sikuponywa na mchezo, usije ukaandika hivyo kwenye video. Na bado nasema gari si pango. Lakini nilikuwa nimesahau inavyokuwa kukaa upande ule mwingine, na kile mtu anachokitaka kwa anayemfundisha. Hataki mguu wangu. Anataka kujua kwamba nipo na sina haraka. Wewe ndiye uliyenikumbusha, na hukujua hata unamkumbusha nani. Ungejua ni mimi ungenivuta, nakujua.

Nakushukuru, mwanangu. Nimelea watu wengi kwenye kile kiti na mmoja tu nyumbani, na huyo mmoja amekuja kunishika mkono kwa kutonishika.

Leo asubuhi nimemwambia mwenye chuo nakichukua kiti. Nimemwambia pia habari ya mguu, yote, asije akasema sikumwambia. Amesema tuanze na mwanafunzi mmoja. Naogopa.

Shangazi yako.


Ijumaa, 29 Machi, dakika chache baadaye

Shangazi!

Shikamoo. Nimemwacha shangazi yangu aliwe na popo. Nimekaa nikatazama aliyenilea anadondoka shimoni, tena nikampa maneno ya kumtia moyo! Nani atanisamehe?

Nimecheka, kisha machozi yamenitoka, na jirani amegonga tena ukuta. Asante kwa kuja. Asante kwa kutoniambia. Sitakupa ushauri hata mmoja. Nitasubiri tu barua, hata ichelewe vipi.

Mwanao.


Jumatano, 22 Mei

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Natumaini u mzima na wanaorudisha viatu wamepungua. Nimekaa kimya kwa sababu sikutaka kukuandikia katikati ya jambo. Nilitaka liishe kwanza, vyovyote litakavyoisha.

Mwanafunzi wangu ni mshonaji wa mapazia, mama wa makamo, mwenye maneno mengi na mikono mizuri. Amechoka kuwaomba watu wampelekee mapazia kwa wateja, na wengine wanayafikisha yamekunjamana. Siku ya kwanza nilimweleza mguu wangu. Nilimwambia, "Nikikanyaga bila sababu, niambie." Akasema, "Mwalimu, usijali, mume wangu pia hukanyaga, na yeye hana breki."

Somo la kwanza nilikanyaga. Sitakudanganya, nilikanyaga sana, na kila mara akaniambia "hiyo ni yako, Mwalimu," kwa upole, kama anayerudisha chenji iliyozidi. Somo lililofuata nilivua kiatu. Nikaweka mguu mtupu kwenye zulia la gari, kando ya kile kibati, niusikie unavyotaka kwenda. Ulitaka kila wakati. Nikauacha utake. Kwenye mlima gari lilimzimikia, likaanza kurudi nyuma, na nyuma yetu kuna basi linapiga honi. Nilimwambia, "Klachi, halafu mafuta," na sauti yangu ilikuwa imetulia kuliko mimi. Gari lilirudi kidogo, likasimama, likapanda. Nilipotazama chini mguu ulikuwa palepale kwenye zulia.

Nitakanyaga mpaka lini, sijui. Kuna siku unashinda mguu, kuna siku nashinda mimi. Mwenye chuo ameniongezea wanafunzi.

Sasa nikuambie la jana, ndilo lililonifanya nikae niandike. Mtihani wake ni wiki ijayo, kwa hiyo nilimwambia aendeshe popote anapotaka, achague njia mwenyewe. Akaingia barabarani. Njia nzima alikuwa ananisimulia mteja aliyepima madirisha yake akiwa amesimama juu ya kiti, vipimo vyote vikapungua kwa urefu wa kiti. Anaongea, anabadili gia, anapisha watu, anasimama kwenye taa, anaendelea na mteja wake. Hapakuwa na la kusema. Akapita mzunguko wa magari, akakata mtaa wa wafanyabiashara, akasogea ukingoni mbele ya kibanda chake cha kushonea, akaegesha, vizuri kabisa. Akazima gari, akavuta breki ya mkono, akachukua mkoba wake, akashuka, akafunga mlango, akaingia ndani kwa mapazia yake.

Mimi nimebaki kwenye gari.

Nilikaa pale nikiangalia watu wanapita. Moyo wangu ulikuwa umejaa na sikutaka kusogea, nisije nikaumwaga. Kisha nikamwona anatoka mbio, sindano bado mdomoni, amejishika kichwa. Akaitoa ile sindano, akasema, "Mwalimu, nisamehe! Nilisahau kabisa kama upo."

Nikamwambia asante.

Shangazi yako.